Ribiti Isiyoshika Kitu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka fundi aliyezikwa Jumamosi iliyopita, akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Jirani zake walimwita Bwana Vipimo. Alitengeneza makanyagio ya gitaa. Kwa asiyejua, kanyagio ni kisanduku cha bati ambacho mpiga gitaa hukibonyeza kwa mguu, na sauti ya nyuzi ikanguruma au ikalia kwa kwikwi. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na mmoja, katika chumba cha uani chenye dirisha moja.

Jina hilo alilistahili. Hakutoboa bati kabla ya kupima mara tatu. "Bati halina msamaha," alizoea kusema. "Ukilitoboa, limetoboka." Aliyakunja masanduku kwa mikono yake, akayapiga msasa, kisha akaipachika bodi ya saketi ndani. Hapo ndipo ustadi wake ulipokaa. Mafundi wengine huikaza bodi kwa parafujo juu ya bati tupu. Yeye aliilaza juu ya vipande vya mpira alivyovikata kutoka kandambili kuukuu, ili teke la mwanamuziki lisiibandue lehemu.

"Niliolewa na mwizi wa kandambili," mkewe ametuambia. "Nikikosa zangu, najua zilipo: chini ya miguu ya bendi nzima."

Hata hivyo, Bwana Vipimo alikosea mara moja. Mara moja tu, wasikilizaji wapendwa, na kosa hilo mlishike vyema. Katika sanduku lake la kwanza kabisa, alipimia tundu la kushikia bodi kwa ndani, kisha akalipindua sanduku na kutoboa kwa nje. Akasahau kwamba kitu kikipinduliwa, kulia huwa kushoto. Tundu likatokea upande usiotakiwa. Hakuwa na bati jingine. Akaliziba kwa ribiti, kile kijimsumari kifupi cha kuunganishia mabati, akatoboa jipya mahali pake. Ribiti ile haikushika kitu. Ilisitiri kosa, basi.

Sanduku hilo hakuliuza. Alimpa mdogo wake, mpiga gitaa, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemlea tangu baba yao alipofariki. Alimpa kwa sharti moja: asilifungue mtu mwingine.

"Nimekusikia, kaka," akajibu mdogo wake.

Miaka ikapita. Siku moja mdogo wake akaja na gitaa jipya linalong'aa, akasema amepewa na shabiki. Bwana Vipimo alifurahi kuliko mwenye gitaa. Alimchongea kasha la mbao la kulibebea, akalitandika ndani kitambaa laini alichokikata kwenye pazia la sebuleni. Mkewe hajalisahau pazia hilo.

Miezi mitano baadaye, mteja alimletea kanyagio lililoharibika. Lilinunuliwa dukani, na lilikuwa na nembo ya karakana kubwa. Bwana Vipimo akafungua parafujo nne. Ndani akaikuta bodi imelala juu ya vipande vya mpira. Hilo halikumshtua, hata mwingine angeweza kulibuni. Kisha, upande wa kushoto, akaiona ribiti isiyoshika kitu. Walionakili kazi yake walinakili na kosa lake, na kosa hilo lilikuwamo katika sanduku moja tu duniani.

"Alicheka," asema mkewe. "Kisha akaketi, nikaona mikono yake haijui iende wapi."

Alilitengeneza kanyagio la mteja, maana mteja hakuwa na hatia. Halafu akamwita mdogo wake kwa chakula cha mchana, akaweka mezani kanyagio jingine la karakana ile, likiwa wazi.

"Haya yote yanafanana, kaka."

"Ribiti hiyo inashika nini?"

"Mimi mpiga gitaa. Mambo ya ribiti nitayajulia wapi?"

"Haishiki kitu. Ni kosa langu. Nililifanya mara moja, nikakupa wewe ulitunze."

Mdogo wake akainamia sahani. "Chakula kinapoa," akasema.

Ndipo Bwana Vipimo alipomjua yule shabiki aliyetoa gitaa.

Wasikilizaji wapendwa, kikulacho ki nguoni mwako. Bwana Vipimo hakwenda mahakamani, wala hakumtangaza nduguye. Alitaka neno moja: nimekosa. Hakulitaka kutoka karakana. Alilitaka kutoka kwa mdogo wake. Alilisubiri miaka tisa. Mdogo wake alimwambia "shikamoo," akajibiwa "marahaba," na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwaka huu alipolazwa, mdogo wake alifika hospitali kila asubuhi. Alimkata kucha. Alimnywesha supu. Alimsimulia habari za mpira. Binti wa marehemu akamfuata mlangoni.

"Baba mdogo, mwambie. Anakusubiri wewe."

"Leo amechoka, mwanangu. Kesho."

Jumatano, saa tatu asubuhi, Bwana Vipimo akafariki dunia. Neno lilikuwa halijasemwa.

Jana mdogo wake alifika hapa studioni na karatasi yenye mistari miwili, akaomba tuisome. Ameandika kwamba sanduku la kaka yake aliwafungulia watu wa karakana kwa mkono wake mwenyewe. Ameandika kwamba amekosa. Tuliwauliza wafiwa kwanza, na mjane akatujibu hivi: "Lisomeni. Lakini neno hilo halikuwa langu. Siwezi kulipokea, wala siwezi kulirudisha."

Basi tumelisoma. Matangazo yetu hufika mbali, ila aliyelisubiri neno hili hayumo tena miongoni mwa wasikilizaji wetu.

Tunampa pole mjane. Tunampa pole binti. Tunampa pole na mdogo wake, kwa kuwa naye ni mfiwa, na mzigo wake hatuna wa kumsaidia kuubeba.

Nanyi mliobaki, kila mmoja ana neno la kumwambia mtu fulani, na kila siku husema: kesho. Kwa desturi tungewapigia wimbo. Leo tunawaachia dakika moja ya ukimya, nayo yatosha kuinuka na kumwita mtu huyo kwa jina lake. Dakika hiyo inaanza sasa.