Dole Gumba la Baba

Kwenye treni, mbele yangu, fundi rangi alikuwa amepakata kopo la rangi nyeusi. Brashi ilikuwa kitini, kati yake na mwalimu mstaafu aliyemuuliza anakwenda kupaka nini.

"Naenda kuifuta Pluto, mama, kwenye ukuta wa shule." Mimi nilidhani wanasayansi walishaimaliza kazi hiyo zamani.

"Ifute upesi," mwalimu alisema. "Watoto wataandika sayari tisa mtihanini, wakose bure. Ile ni sayari kibete."

"Najua. Ila ukuta ule aliuchora marehemu baba. Sayari nyingine zote alitumia brashi. Hiyo, kwa udogo wake, aliitia kwa dole gumba. Vimistari vya ngozi yake bado vinaonekana."

"Pole, mwanangu. Lakini ukweli hauna baba."

"Sibishi. Ila hata huyo kibete, si bado analizunguka jua?"

Mwalimu aliligeuza dole gumba lake mwenyewe, akalitazama.

Treni ikasimama. Fundi akashuka na kopo lake, brashi ikabaki kitini. Mwalimu aliiona kabla yangu. Hakumwita, aligeukia dirishani, kana kwamba kuna la kutazama.