Benedikta Mhina, Aliyekataa Kumwogopa Mungu

Tarehe 30 Juni, Muuguzi Benedikta Mhina anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kufunga vidonda katika kituo chetu cha afya cha kanisa, barabara ya Pangani. Nimeombwa niandike mazuri yake. Nitayaandika, ila mabaya yetu sisi yatapenya tu.

Hapa kwetu ibada ya asubuhi ni lazima. Kwa miaka mingi tuliingia kanisani mbio, si kwa hamu ya Mungu bali kwa hofu ya Mama Leticia, mwenyekiti wa kamati ya ibada, aliyesimama mlangoni kuona nani hayupo. Tukishaonekana, tulisinzia kwa amani.

Mwaka aliolazwa Mzee Idarusi, mvuvi wa Kigombe mwenye kidonda cha mguu kilichonuka hadi getini, Benedikta aliacha kuonekana ibadani. Maumivu ya mzee yalizidi asubuhi. Sisi wacha Mungu tulipita wodi ile tumebana pua. Yeye alimsafisha taratibu, akiimba nyimbo zake za kanisani kwa sauti ya chini. Mzee, Mwislamu asiyekosa swala, alimwambia tu, "Imba, mwanangu. Nasahau mguu."

Kamati ikamwita. Mama Leticia akauliza, "Wewe Benedikta, humwogopi Mungu?"

"Simwogopi, mama. Nampenda. Wewe mumeo akikuletea kanga kwa kuogopa ugomvi, utaifurahia?"

Kamati ikajibu kwa adhabu: alivuliwa uongozi wa kwaya, alioupenda kuliko mshahara. Alilia mbele yetu, wala hakujificha. Kesho yake alikuwa kwa Mzee Idarusi, anaimba. Mzee aliondoka kwa miguu yake miwili. Kwaya yetu, tangu hapo, inalia kama mlango usiotiwa mafuta.

Mwaka jana Mama Leticia alipata kiharusi. Wanakamati walikwenda kumwona kwa zamu, wakamwombea wamesimama, jicho moja kwenye saa. Aliyemwogesha kila siku ni Benedikta. Asubuhi moja mgonjwa aliangua kilio.

"Nilikuonea, Benedikta. Nani amekutuma kwangu?"

"Hakuna aliyenituma, mama. Geuka, mgongo bado."

Dada Benedikta, ahsante. Nenda nyumbani Muheza ukaishi vizuri, ucheke na wajukuu, ulale mpaka jua likuchoshe. Na utuombee wenzako. Sisi bado tunaogopa.