Breki Inayoonekana: Miaka Thelathini na Mmoja ya Mzee Tegasikio

Na jibu la ule ubishi wetu wa chai ya juzi ni thelathini na mmoja, jamani, si thelathini. Nimefukua makabrasha ya stoo mpaka vumbi likanipanda puani, na nimeikuta fomu yake ya kwanza ya kuchukua vifaa: ndoo moja, brashi moja, sabuni ya unga pakiti mbili. Kwa hiyo iandikwe vizuri. Ijumaa hii, tarehe sita, fundi mkuu wa breki wa karakana yetu, Mzee Tegasikio, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja na siku kumi na saba.

Alianza kwa kuosha magari. Mwaka wa pili akahamishiwa matairi, mwaka wa tano akakabidhiwa breki, na huko hakutoka tena. Amewafundisha mafundi kumi na wanne. Watatu kati yao wana gereji zao wenyewe, na mmoja bado hupiga simu mapokezi kumuuliza maswali huku akibana pua tusimtambue sauti. Tunamtambua.

Jina la Tegasikio alipewa kwa sababu hakuna gari aliloligusa kabla ya kulisikiliza. Huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini sikioni, akafumba macho kama mtu anayepokea habari za nyumbani. Wapo mnaomkumbuka yule mteja aliyekuja akilalamika kwamba gari lake linalia "kwi, kwi" kila akikanyaga breki. Alikuwa amezunguka gereji tatu na kubadilishiwa karibu kila kitu isipokuwa rangi. Mzee alipanda naye, wakazunguka uwanja mara mbili, kisha akaingiza mkono chini ya kiti cha nyuma na kutoa bata wa mpira wa kuchezea mtoto. Kila gari likisimama, bata alibanwa. Mteja aliondoka amemshika bata mkononi.

Yeye ndiye aliyetuletea sheria ya kiti cha abiria. Gari likitoka kutengenezwa breki, mwenye gari ndiye anayeendesha jaribio la kwanza, na fundi aliyezifunga hukaa pembeni yake, mikono magotini, hana usukani wala pedali. Mafundi walinung'unika sana mwanzoni. Mzee akawajibu kwamba mkono hukaza vizuri zaidi ukijua na makalio yatakuwemo. Tangu siku hiyo nati zilizosahauliwa zimeadimika kama mvua ya kiangazi.

Mimi niliolewa wiki saba zilizopita na fundi rangi wa karakana hii hii. Najua mnajua, na najua mmechoka kusikia, lakini bado nikilisema neno "mume wangu" najisikia kama nimevaa viatu vipya. Siku ya harusi wengine walituletea vikombe na mashuka. Mzee Tegasikio alituletea jeki, ameifunga utepe mwekundu, akasema, "Kuna siku mmoja wenu atahitaji kuinuliwa." Tulicheka. Jioni nikalia kidogo, kwa furaha. Nasema haya ili mjue kwamba kazi yake ya mwisho, ninayotaka kuwasimulia, niliitazama kwa macho ya bibi harusi, na kama nitaipamba kupita kiasi mtanisamehe.

Mke wake sote tunamwita Mwalimu. Alifundisha jiografia maisha yake yote na alistaafu mwaka jana. Hata Mzee mwenyewe humwita Mwalimu, na akiitwa naye huitikia upesi kama mwanafunzi wa mstari wa mbele. Walijenga nyumba juu mlimani, mahali ambapo barabara hupanda kilomita nne bila kupumzika. Miaka miwili iliyopita Mwalimu alikuwa akishuka kutoka huko peke yake, kwenye mvua, na gari lake dogo la zamani. Katikati ya mteremko pedali ikaanza kuzama. Alikanyaga, ikazama zaidi. Alishusha gia, akavuta breki ya mkono, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo mpaka likasimama. Hakuumia hata ukucha. Lakini aliporudi alifungia ufunguo kabatini na kusema kwamba hatapanda mlima ule tena.

Nyumba ikaisha. Ikapigwa rangi, ikawekwa madirisha, ikakaa tupu. Mzee alipomkumbusha kwamba siku za kustaafu zimekaribia, alijibiwa, "Wewe hamia. Mimi nitakuwa nakusalimia kwa simu." Alipomwambia kwamba atakuwa anamwendesha yeye mwenyewe, mambo yakaharibika zaidi. "Mimi si gunia la mkaa la kupandishwa na kushushwa. Nitashuka nikiwa nimeshika usukani kwa mikono yangu, au sishuki." Basi, mtu aliyetengeneza breki za mji mzima alikuwa anakaribia kustaafu bila kujua ataishi na mke wake au na simu. Mganga hajigangi.

Nilijua jambo hili alipokuja dirishani kwangu stoo na orodha ya vifaa iliyonishangaza. Gari la Mwalimu lina breki za diski magurudumu ya mbele, na za ngoma magurudumu ya nyuma, kama magari mengi ya umri wake. Mzee alitaka kuziondoa ngoma na kuweka diski nyuma pia. Fundi injini, aliyekuwa amesimama pale akisubiri plagi, alicheka. "Mzee, kwa nini ujitese? Breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa. Weka shuu mpya humo ndani ya ngoma, funga, mwambie mama umebadilisha kila kitu. Nani atafungua aone?"

Mzee hakukasirika. Alikubali kwamba kwa hesabu ya ufundi shuu mpya huenda zingetosha. Kisha akasema, "Tatizo ni hilo hilo ulilolisema. Nani atafungua aone."

Miaka minne nimekaa stoo nikigawa shuu na pedi bila kujiuliza zinakwenda kufanya nini. Siku ile nilitoka nyuma ya dirisha langu, nikaenda kuuliza. Mzee alinichuchumaza kando ya gurudumu. Akanionyesha kwamba ngoma ni kama sufuria iliyofunikwa: shuu zimo ndani, zinatanuka na kusugua ukuta wa sufuria, na joto, maji na vumbi la breki vyote vinabaki humo. Zikiisha, huoni. Diski ni sahani iliyo wazi, inabanwa na pedi mbili kutoka pande mbili kama unavyoshika karatasi kwa vidole. Upepo unaipoza, maji yanaruka. Na ukiinama, kupitia matundu ya rimu, unaona pedi imebaki unene gani. Mwalimu, aliniambia, hakuwahi kumuuliza breki zipi ni bora. Alimuuliza breki ipi anaweza kuiona yeye mwenyewe asubuhi kabla ya kuwasha gari.

Jamani! Nilirudi stoo nikamtumia mume wangu ujumbe mrefu sana, naye alikuwa hatua ishirini kutoka nilipo.

Kazi ilichukua siku tisa. Diski na kalipa, yaani vile vibanio vinavyoshika pedi, zilitoka kwenye gari bovu la ukoo uleule, lililogongwa mbele lakini nyuma likiwa zima. Pedi, mipira ya mafuta na kebo za breki ya mkono zikawa mpya. Vyuma vya kushikia kalipa Mzee alivikata na kuvitoboa mwenyewe, akivipima na kuvipima tena mpaka fundi injini akamuuliza kama anatengeneza breki au saa. Kila alasiri Mwalimu alikuja, akageuza ndoo ya mafuta, akakaa juu yake na kutazama. Hakusifu wala hakulaumu. Alikuwa anasimamia mtihani.

Siku ya sita kila kitu kilikuwa kimefungwa, na pedali ilikuwa laini kama unakanyaga mkate. Maana yake kulikuwa na hewa kwenye mafuta ya breki. Mzee akaitoa hewa, pedali ikabaki mkate. Akaitoa tena. Siku ya saba akaitoa tangu asubuhi, akaja kwangu kuchukua chupa ya tatu ya mafuta, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitembea bila kupiga mluzi.

Ndipo Mwalimu akauliza kutoka kwenye ndoo yake, "Hewa ikiwa ndani ya maji, hupanda au hushuka?"

"Hupanda, Mwalimu."

"Na hicho kitundu cha kuitolea umekiweka juu au chini?"

Mzee alichungulia nyuma ya gurudumu, na spana ikamponyoka ikalia mpaka kwenye chumba cha rangi. Kalipa ya kulia alikuwa ameifunga kushoto, na ya kushoto kulia. Zinaingia vizuri kabisa, ndiyo ubaya wake, isipokuwa vitundu vya kutolea hewa hubaki chini na hewa inabaki juu ikistarehe. Ni kosa ambalo amewakaripia mafundi kumi na wanne kwa zamu. Fundi injini alishika nguzo asianguke kwa kicheko. Mume wangu alitoka na kinyago chake cha rangi usoni kuuliza nani amekufa.

Mimi sikucheka. Niliogopa. Nilidhani Mwalimu atasimama, akung'ute sketi na kwenda nyumbani kwake, na mambo yataishia hapo. Lakini Mzee alicheka kuliko wote, machozi yakamtoka, akachukua chaki akaandika kosa lake ubaoni kwa herufi kubwa, na jina lake chini. Kisha akalala chini ya gari na kuanza kufungua. Mwalimu aliusoma ule ubao. "Endelea," akasema. "Hukutafuta wa kumsingizia."

Kutoka chini ya gari tulisikia sauti ya Mzee. "Kosa hili pedali imelisema yenyewe. Ninaloliogopa ni lile ambalo pedali hailisemi."

Hilo lilihitaji maelezo, nikauliza tena. Diski za nyuma zikibana kuliko za mbele, magurudumu ya nyuma husimama kwanza, na kwenye barabara yenye maji gari hugeuka kama mtu aliyeitwa kutoka nyuma. Kuna vali ndogo inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Lakini utajuaje umeigeuza kiasi gani kinachotosha?

Mzee alimwomba mume wangu achore nukta nyeupe kwenye ubavu wa kila tairi, kubwa kama kisahani. Tukamwaga maji uwanja mzima. Mwalimu alikuwa bado hajakubali kushika usukani, kwa hiyo fundi injini aliendesha, na Mzee, kwa sheria yake mwenyewe, alikaa kiti cha abiria. Mume wangu alipewa kutazama nukta ya gurudumu la mbele, mimi la nyuma. Kila mmoja alipaswa kupaza sauti nukta yake ikiacha kuzunguka.

Mara ya kwanza nilipiga kelele mimi, "Imesimama!", na mkia wa gari ukazunguka mpaka taa za nyuma zikatazama geti. Fundi injini alishuka kwanza akahesabu matairi. Mzee akageuza vali nusu mzunguko. Mara ya pili, mimi tena. Ya tatu, mimi, lakini nilimtangulia kwa pumzi moja tu. Ya nne tulisema pamoja, na ingawa mume wangu alinikonyeza, Mzee alitikisa kichwa. Pamoja haitoshi; la mbele lazima litangulie kusimama. Mara ya tano nilisikia sauti ya mume wangu kwanza, kisha yangu ikafuata, na gari likasimama limenyooka kama rula. Wakarudia mara sita zaidi, na mara zote sita mume wangu alitangulia. Sijawahi kufurahi hivyo kuachiwa neno la mwisho.

Mwalimu akainuka kwenye ndoo. "Ufunguo uko wapi?"

Alhamisi iliyopita, gari lilipokwisha kupita ukaguzi, tulipanda mlima watu wanne. Mwalimu kwenye usukani, Mzee pembeni yake, mimi na mume wangu nyuma tukiwa mashahidi. Juu aligeuza gari bila kuitazama nyumba. Akaanza kushuka. Nilitazama mikono ya Mzee: ilikuwa juu ya magoti, imetulia, ila kidole gumba kimoja kilikuwa kinasugua kingine. Mwalimu alisimamisha gari mara nne mteremkoni, kila mara bila kutuonya. Mara ya tatu ilikuwa pale pale penye ukingo wa udongo. Alisimama hapo, injini ikiunguruma. Kisha akaachia breki na kuendelea.

Chini alishuka, akainama kwenye gurudumu la nyuma, akachungulia kupitia rimu. Akazunguka upande wa pili akachungulia na huko. Akajipangusa mikono.

"Jumamosi ukishastaafu," akamwambia mume wake, "tafuta lori la vyombo. Lenye turubai, maana magodoro yangu sitaki yalowe."

Mzee Tegasikio, mtu anayesikia nati iliyolegea ng'ambo ya barabara, alimwomba arudie.

Kwa hiyo Ijumaa ni sherehe na Jumamosi ni lori. Mzee, kwa niaba ya karakana nzima, asante kwa miaka thelathini na mmoja, kwa watu wote waliofika makwao jioni bila kujua jina lako, na kwa kutufundisha kwamba fundi anaweza kukosea hadharani na bado akaaminika. Mungu awape wewe na Mwalimu afya, usingizi mzito na maongezi yasiyoisha huko juu. Na msifunge madirisha mapema, maana mimi na mume wangu tumeshaomba ruhusa: kabla mwezi huu haujaisha tutapanda kuja kuwaona, na tutashuka bila haraka.