Fundi Stambuli na Taa Thelathini na Moja

Tarehe 31 Agosti 1987, Mzee Stambuli Saad atarudisha funguo za chumba cha mitambo cha Hoteli ya Mwambani, hapa Bofa, Kilifi, baada ya utumishi wa miaka ishirini na minane na miezi mitano. Uongozi umeomba wasifu wake uwe wa heshima na mfupi. Heshima ipo. Ufupi tutajitahidi.

Ni mzaliwa wa Mambrui. Alifika hapa Aprili 1959 kama kibarua wa kubeba matofali, wakati hoteli ilikuwa vyumba kumi na viwili vyenye taa za chemli. Jenereta ya kwanza ilipoletwa, fundi aliyekuja nayo alishikwa na malaria siku ya tatu akarudishwa Mombasa. Kibarua Stambuli, ambaye siku zote tatu alikuwa amesimama pembeni akimtazama, akaiwasha. Kwa jambo hilo akapandishwa cheo kuwa msaidizi wa fundi. Fundi mwenyewe hakuajiriwa hadi mwaka 1964. Kwa hiyo kwa miaka mitano Mzee Stambuli alikuwa msaidizi wa mtu asiyekuwapo, na hoteli haikukaa gizani hata juma moja.

Hili tunalisema wazi, kwa kuwa wengine watalipita kimya. Nchi yetu ina ugonjwa wa kuamini kwamba ufundi hukaa kwenye karatasi yenye muhuri. Tangu 1964 wamepita hapa mafundi wakuu sita, wote wenye vyeti, na wote sita walionyeshwa na Mzee Stambuli mahali swichi kuu ilipo. Kisha wakaketi juu yake kwa cheo. Yeye alipata cheo cha Fundi Mkuu mwaka 1982, pale wa saba alipokataa kuja.

Lakini hatuandiki wasifu wa malaika. Mzee Stambuli alikuwa na dosari moja ijulikanayo kuanzia dobi hadi mapokezi: hakuna aliyewahi kumsikia akisema amekosea. Mwaka 1973 pampu ya bwawa la kuogelea ilipoanza kumwaga maji badala ya kuyavuta, alieleza kwa utulivu kwamba nyaya ziko sawasawa, maji ndiyo yaliyokosa njia. Wageni wawili Wajerumani walimwamini.

Sasa tuje kwa Bi Harusi. Wafanyakazi wapya wanaomkuta kantini hudhani alinunuliwa kwa ajili yetu. Sivyo. Ni mashine ya mchezo, sanduku la miguu minne lenye kioo juu, ambamo mtu hurusha gololi ya chuma na kuipiga kwa vibao viwili isidondoke shimoni. Aliletwa mwaka 1971 kwa starehe ya wageni, na mwaka 1979 wageni walipotaka michezo ya televisheni, akatupwa nyuma ya jiko. Mzee Stambuli alimwokota, akamfufua, akamweka kantini. Tangu hapo amekuwa kitu pekee katika hoteli hii ambacho mpishi, dobi na mtunza bustani hukigusa bila kukipangusia mtu mwingine.

Bi Harusi alikuwa na globu ndogo thelathini na moja. Moja huonyesha zamu ni ya nani, nyingine alama, nyingine kwamba mchezo umekwisha. Globu hizo hazitengenezwi nchini, na kibali cha kuziagiza ng'ambo huchukua muda wa kutosha mtu kuoa na kuacha. Zilikuwa zikikatika ovyo kwa mtikisiko, hasa akicheza Jedida wa dobi, bingwa wetu tangu 1981, ambaye huicheza mashine kwa nyonga zaidi ya mikono. Oktoba 1985 Bwana Thuku, meneja wetu, alitoa amri kantini: globu za nje basi, na mashine ikiharibika tena itauzwa chuma chakavu, mahali pake pakae friza la pili. Mzee Stambuli akasema mbele ya watu wote kwamba Bi Harusi hatoki humo yeye angali kazini, na kwamba atamtia taa ambazo hazitaungua hadi wajukuu wa Bwana Thuku wastaafu.

Ijumaa hiyo alikwenda Malindi, hadi mtaa wa Kisumu Ndogo, kwa Mwaura fundi wa redio, akarudi na taa za LED, zile ndogo za mbele ya redio kaseti, zilizong'olewa kwenye redio mbovu. Alizipata nyekundu ishirini na mbili na kijani tisa. Wenye kudhani alizichomeka tu wajaribu wenyewe. LED haitaki umeme wa kwenda na kurudi, ilhali umeme wa taa za Bi Harusi ni huo huo. Ilibidi kwanza aulazimishe uende upande mmoja. LED ina mguu mrefu na mguu mfupi, ukiigeuza inanuna. Na kila moja ilitaka rezista yake ya kupunguza umeme, isiungue. Alilehemu kwa siku nne, wakati wa mapumziko ya chakula, bila kula.

Zilipowaka tulipiga makofi. Ni kweli kwamba taa ya kumaliza mchezo sasa ilikuwa ya kijani, na kwa juma zima watu waliposhindwa walidhani wanaruhusiwa kuendelea. Hilo lilizoeleka. Jedida alitikisa atakavyo, na hakuna taa iliyokatika. Mzee Stambuli alitembea kantini kama bwana harusi, na kila aliyemsalimu alipewa somo la LED kabla ya kuitikiwa shikamoo yake.

Masika ya 1986 yakaingia, na Bi Harusi akarukwa na akili. Alijihesabia alama bila gololi. Alipiga kengele peke yake wakati wa chai. Asubuhi moja alimpa mtunza bustani ushindi kabla hajacheza, naye hadi leo anaudai. Mzee Stambuli alikagua taa zote: nzima, thelathini na moja. Akatangaza kwamba kosa si la taa, ni la wachezaji. Bwana Thuku akatangaza kwamba friza litafika Ijumaa.

Aliyegundua ugonjwa ni Bi Kadii wa jikoni. Alimwambia Jumatano, mikono ikiwa na unga:

"Mzee, mwenzio huyu ana baridi. Zamani paka alikuwa akilala juu ya kioo chake. Tangu umtie taa zako, paka kahamia kwenye tanuri la mikate."

Mzee Stambuli alimjibu kwamba kwa mambo ya umeme hachukui shauri la paka. Kantini ilicheka, naye Bi Kadii akarudi kwenye unga wake akisema kwamba paka hana cheti, hilo anakubali.

Alhamisi alifungua tumbo la mashine, akaweka nyuma ya mkono wake ndani, kama anavyofanya kwa kila mtambo. Ubaridi wa mtungi. Vidole vya shaba vya swichi vilikuwa vimeota ukungu wa kijani, na umeme ukawa unapita ovyo. Zile globu mbovu za zamani, pamoja na udhaifu wake, zilikuwa zikimpasha moto Bi Harusi mchana na usiku, na hewa ya chumvi ya Bofa ikakosa pa kukaa. LED hazina joto. Aliyeleta maradhi ni mganga.

Njia ya siri ilikuwapo, na tunataka ijulikane kwamba aliijua. Angeweza kusugua shaba, kuficha globu moja ya kawaida tumboni, akafunga mlango na kumlaumu mtunza bustani. Sote tungeamini, tulikuwa tumezoea. Badala yake alifuta mikono, akaenda hadi dirisha la jikoni saa ya chakula, kantini imejaa, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Bi Kadii, haki ni yako. Nimekosea mimi."

Sahani zilisimama. Jedida alimwomba arudie, kwa ajili ya waliokuwa wakitafuna. Akarudia. Bi Kadii akamwambia basi akae ale, maana mkosaji naye ana tumbo.

Alasiri hiyo, mbele ya macho yetu, alisugua shaba na kufunga tumboni globu moja ya wati arobaini, ya dukani hapa hapa Kilifi, na karatasi iliyoandikwa: "Hii si taa. Ni jiko. Usizime." Ijumaa Bwana Thuku aliingia na wachukuzi wa friza, akamkuta Bi Harusi mzima na paka juu ya kioo. Ni mtu wa haki, aliomba kujaribu. Alidumu kwa dakika moja, akaikagua mashine kwa hasira, akasema vibao havina nguvu. Kwa maneno hayo alijiunga nasi rasmi. Friza liliwekwa karibu na mlango.

Mwezi uliopita Mzee Stambuli alimkabidhi Dzombo, atakayeshika nafasi yake, daftari la mitambo yote ya hoteli. Tulitarajia lianze na jenereta. Ukurasa wa kwanza una kichwa "Makosa yangu", nao unaendelea hadi wa tisa, kila kosa na tarehe yake na dawa yake. Chini ameandika kwamba haya yamekwisha kufanywa, kwa hiyo Dzombo asipoteze muda kuyarudia, atafute ya kwake.

Wenye vyeti tunawaalika waje na ukurasa mmoja tu wa namna hiyo. Tutawangoja kantini.

Mzee wetu Stambuli, ahsante kwa mwanga wote, na kwa zile kurasa tisa. Mungu akupe afya, Mambrui ikupokee kwa furaha, na siku zako zilizobaki ziwe ndefu na za raha.