Mama Fusae Orito, Aliyekaa Chumba Kisicho na Upepo

Mama yetu, Fusae Orito, alizaliwa tarehe 11 Februari 1941 hapa Kanazawa, ng'ambo ya mto Asano, mtoto wa tatu wa muuza tofu ya soya. Mji wetu haukupigwa mabomu vitani, kwa hiyo nyumba aliyozaliwa ipo hadi leo. Wageni huipiga picha.

Alisoma shule ya msingi na ya kati za mtaani, akamaliza Machi 1956. Alipenda jiografia. Mwalimu wake alifika nyumbani kuomba aendelee na masomo. Babu alimkaribisha chai, akazungumzia theluji mpaka mwalimu akaaga.

Aprili mwaka huohuo, akiwa na miaka kumi na mitano, aliingia karakana ya dhahabu ya ukoo wa Orito. Wanaume walipiga dhahabu kwa nyundo mpaka ikawa nyembamba kuliko karatasi. Wanawake waliinyanyua kwa vijiti vya mianzi, wakaikata na kuilaza juu ya karatasi kwa kuipuliza polepole. Dhahabu hiyo huchukuliwa na pumzi tu, hivyo madirisha hufungwa hata Agosti, na feni haiwashwi. Humo hakuna kupiga chafya wala kucheka. Mama alikaa humo miaka sitini na tano. Kazi yake imo katika madhabahu za mahekalu mengi, na siku hizi hata juu ya aiskrimu za watalii.

Julai 1984 mgeni mmoja alifungua mlango achungulie. Kazi ya asubuhi nzima ikapaa, ikatua kichwani mwa Mama.

"Nitazameni vizuri," aliwaambia wenzake, "mjue Buddha wa dhahabu huwa anatokaje jasho."

Wakacheka, ikapaa na iliyobaki.

Tarehe 3 Novemba 1965 aliolewa na Shinkichi Orito, mpiga nyundo, mtu wa maneno machache. Fungate yao ilikuwa ya muda wa saa mbili tu katika bustani ya Kenroku, wakitazama mafundi wakifunga matawi ya misonobari kwa kamba yasivunjwe na theluji. Mama aliuliza, "Hivi miti imeambiwa kwamba ni kwa faida yake?" Walijaliwa watoto wawili, kaka yangu Takeharu na mimi, Mitsuyo. Baba alifariki mwaka 1998.

Oktoba 2021 moyo wa Mama ulichoka. Kiti chake kikabaki wazi, na macho ya ukoo yakamgeukia mwanangu Hinano, mwenye vidole kama vya bibi yake. Mwaka jana Hinano alikubaliwa na chuo cha misitu huko Nagano. Baba mdogo Yasujiro, mwenye karakana, aliponiuliza, niliogopa watu watasemaje. Nikasema ndiyo, bila kumuuliza mtoto.

Desemba iliyopita Baba mdogo alimletea Mama habari hiyo kitandani.

"Shemeji, tulia. Hinano atakaa pale pako. Mama yake kakubali."

"Mama yake kakubali! Na huyo msichana, mdomo wake ni wa kupulizia dhahabu tu?"

"Lakini wewe umekaa miaka sitini na tano, hukulalamika hata siku moja."

"Ningelalamikaje, Yasujiro? Ningefungua mdomo, kazi ingepaa."

Baba mdogo alipoondoka, Mama alinishika mkono. "Mitsuyo, neno umelitoa wewe. Kalirudishe mwenyewe, tena mbele za watu. Mimi sina pumzi."

Alifariki Alhamisi, tarehe 19 Januari 2023, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka themanini na mmoja. Hinano alikuwa amemshika miguu.

Ameacha mwanawe Takeharu na mkewe; binti yake, mimi Mitsuyo; shemeji yake Yasujiro, ambaye ninamwomba radhi mbele yenu nyote; na mjukuu mmoja, Hinano, atakayepanda treni ya Nagano tarehe 2 Aprili. Ile "ndiyo" yangu ninaifuta. Baba mdogo, tafuta mtu mwingine.

Mama, pumzika. Zamu yako imekwisha, na haikurithiwa.