Kilo Moja na Nusu

Nyinyi kina mama mnaojipunguza mwili, sikieni niliyosikia ndani ya basi la kutoka Tseikuru.

Mbele yangu mama mmoja, Syombua, alikuwa akimnyonyesha mwanawe Kioko. Alimwambia jirani yake wa kiti kwamba daktari alitaka apungue kwa sababu ya presha, naye kila asubuhi hujipima kwa mizani ya magunia. "Nilikuwa nashuka vizuri. Jana nimepanda kilo moja na nusu! Tangu hapo sijaonja kitu."

Jirani, Wamucii, ni mnunuzi wa ndengu, yaani choroko. "Na juzi ulikula nini?"

"Muthokoi ya harusi, yale mahindi ya kukoboa. Ilikuwa na chumvi, nikanywa maji kama ng'ombe."

Wamucii akacheka. "Si ni hayo maji, mama Kioko! Gunia langu likinyeshewa linapanda, na ndengu ni zile zile. Likikauka linashuka. Jipime mara moja kwa wiki."

"Wewe ni mwembamba, utajua nini?"

Mtoto alivuta titi, akaliachilia, akalia. Akavuta tena.

"Huyo hapati kitu," Wamucii akasema, akitoa ndizi. "Kula, basi."

"Nikishajipima."

Mimi sikuulizwa, lakini nilishindwa kutulia kwenye kiti.

Basi likasimama Kyuso, mbele ya stoo ya ndengu. Syombua akamwekea Wamucii mtoto mapajani, akavua viatu, akavua sweta, akashuka mbio kwenda kwenye mizani ya pale stoo. Mtoto akashika kidole cha Wamucii, akaanza kukinyonya.