Bi Jongoo na Shimo la Mumewe

Ifikapo tarehe thelathini mwezi huu, Bi Jongoo anastaafu baada ya kuitumikia maabara yetu ya udongo kwa miaka ishirini na tisa. Jina lake halisi analijua mhasibu tu. Sisi tunamwita Bi Jongoo tangu siku alipomfukuza mkurugenzi mzima msituni kwa kosa la kumkanyaga jongoo. Mkurugenzi alitoka mbio huku akiomba radhi.

Alianza kazi mgodi wa hapa umefungwa na miche ya kurudisha msitu ndiyo kwanza inapandwa. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu. Kazi yake ilikuwa kuchimbua udongo, kuhesabu wadudu waliomo na kuona kama uhai unarudi. Walitangulia sisimizi, wakaja buibui, kisha majongoo. Naye alikuwa na sheria yake: ukishahesabu, kila mdudu arudishwe alikotoka, na udongo ufukiwe kama ulivyokuwa. Wageni walicheka. Waliocheka walikabidhiwa jembe.

Mumewe ndiye aliyekuwa dereva wa mtambo wa kuchimbia katika mgodi huohuo. Nyumbani walitaniana kila siku kwamba mume kachimbua, mke anafukia. Lakini likitajwa shimo kubwa la mgodi, mzee hakutania. Alisema ardhi ya pale chini aliiua kwa mikono yake mwenyewe, hapataishi kitu tena. Bi Jongoo akaapa hastaafu mpaka aone nyungunyungu palepale. Miti ikarefuka, majani yakadondoka na kulala vilevile bila kuoza, kwa kukosa nyungunyungu wa kuyala. Kila mwaka alipanda kutoka shimoni mikono mitupu, akasema labda mwakani. Jamani, tulimwonea huruma.

Mwezi uliopita, mvua ilipokatika, alipiga ukelele huko shimoni tukadhani kaumwa na nyoka. Kumbe nyungunyungu! Mwembamba kama kamba ya kiatu, lakini mzima. Wala hakutuonyesha sisi kwanza. Alimpigia mumewe simu, mzee akaletwa na gari la ofisi, akateremka na mkongojo wake polepole, akawekewa mdudu kiganjani. Machozi yalimtoka mbele yetu sote. Kisha akamhimiza mkewe amrudishe upesi, asije akakauka. Bi Jongoo akampa jembe. Safari hii aliyefukia ni mume.

Bi Jongoo, ahsante kwa yote, hata kwa makaripio. Kapumzike na mzee wako kwa afya na furaha tele. Huku usiwe na wasiwasi: kila mdudu tutamrudisha kwake, na mkurugenzi siku hizi anatazama anapokanyaga.